Uzi wa Bolti Ukiliwa: Jinsi ya Kuutengeneza Upya Bila Kuharibu Injini

Aliyewahi kukaza bolti kwenye alumini anaifahamu dalili hii: spana inazidi kuwa nzito kama inavyopaswa, kisha ghafla inalegea mkononi na bolti inaanza kuzunguka bure. Mimi yalinikuta nilipokuwa nikigeuza kompresa ya zamani ya kiyoyozi iwe pampu ya kujazia matairi upepo, kwa kuifunga ubavuni mwa injini ya Kijapani juu ya breketi nene niliyotengenezewa na fundi wa kuchomelea. Breketi ilikaa sawasawa, mkanda ulinyooka kati ya puli na puli, na bolti tatu zikakazika vizuri. Ya nne ikala uzi.

Kosa halikuwa nguvu za mkono. Bolti tatu zilikuwa zile zile zilizotoka kwenye injini, lakini ya nne ilikuwa fupi kwa breketi mpya, hivyo nilinunua nyingine ndefu katika duka la vifaa vya ujenzi, yenye unene uleule wa milimita 10. Unene ulikuwa sawa, ila nafasi kati ya uzi na uzi haikuwa sawa. Bolti za milimita 10 katika magari mengi ya Kijapani zina nafasi ya milimita 1.25, ilhali maduka ya vifaa vya ujenzi huuza zaidi zenye nafasi ya milimita 1.5, ambazo mafundi huziita za uzi mkubwa. Bolti ya namna hiyo huingia mizunguko miwili au mitatu bila shida, kisha huanza kubana. Ingekuwa kwenye chuma kigumu ingegoma na kukuonya mapema. Kwenye alumini haigomi, bali inajichimbia njia yake juu ya nyuzi zilizokuwepo, nawe unadhani inakaza kumbe inakata. Nakiri kwamba nilijivunia jinsi ilivyokuwa inabana.

Kwa hiyo jambo la kwanza, hata kabla ya kufikiria matengenezo, ni kujua kwa hakika tundu lako lina uzi gani. Chukua bolti ya asili iliyotoka kwenye tundu hilo au tundu la jirani yake, weka rula ubavuni mwake, na upime umbali wa nafasi kumi kutoka kilele cha uzi mmoja. Ukipata milimita 12.5, uzi ni wa 1.25, ukipata milimita 15, ni wa 1.5. Njia nyingine isiyohitaji hata rula ni kulaza bolti mbili ubavu kwa ubavu, nyuzi za moja zikiingia katika nyuzi za nyingine, kisha kuzielekeza kwenye mwanga. Zikiwa za aina moja zitaumana kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuacha upenyo, na zisipokuwa za aina moja mwanga utapenya hapa na pale. Ukihitaji bolti ndefu zaidi ya ile ya asili, nenda nayo ile ya asili mkononi kwenye maduka ya vipuri vya magari, kama yale ya Shaurimoyo jijini Dar es Salaam au ya barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, na uziumanishe pale pale kabla ya kulipa.

Sababu ya pili ya nyuzi kuliwa, hasa kwa magari yanayoishi Mombasa, Unguja, Tanga na miji mingine ya pwani, ni kutu. Bolti ya chuma iliyokaa miaka mingi ndani ya alumini katika hewa ya chumvi hushikana nayo kwa unga mweupe ambao ni kutu ya alumini, na ukiifungua kwa pupa inatoka na nyuzi za tundu zikiwa zimejiviringisha juu yake kama nyuzi za springi. Bolti ya namna hiyo inyunyizie mafuta ya kupenya tangu jioni, uigonge kichwani kwa nyundo mara kadhaa ili utikise kutu, kisha asubuhi uifungue kwa kwenda mbele na kurudi nyuma, robo mzunguko kila mara. Ikigoma kabisa, pasha moto alumini iliyoizunguka, kwa sababu alumini hutanuka kuliko chuma na tundu hupanuka kidogo. Usifanye hivyo karibu na mpira, plastiki au mabomba ya petroli.

Sasa tuseme uzi umeshaliwa. Itoe bolti na uitazame. Nyuzi zake zikiwa nzima na zimejaa vipande vya alumini vinavyong'aa, aliyeharibika ni tundu. Zikiwa zimelala au zimekatika huku tundu likionekana safi, huenda una bahati na kinachohitajika ni bolti mpya tu. Safisha tundu kwa brashi ndogo na upepo, ukiwa umevaa miwani ya kazi, kisha ingiza waya mwembamba au njiti upime kina chake, na umulike kwa tochi uone nyuzi zimeharibika hadi wapi. Kipimo hiki hakichukui hata dakika moja, lakini ndicho kinachoamua utumie njia ipi, na mara nyingi ndicho kinachorukwa.

Mara nyingi utakuta nyuzi za mdomoni ndizo zilizoumia zaidi. Sababu ni kwamba bolti iliyokazwa haigawi mzigo sawasawa: uzi wa kwanza unaoshika hubeba karibu theluthi moja ya mzigo wote, unaofuata hubeba pungufu, na wa mwisho haubebi karibu chochote. Ikiwa nyuzi mbili tatu tu za mwanzo ndizo zimelala, zinaweza kunyooshwa. Tumia kikata uzi, ambacho gereji nyingi hukiita tepu, cha kipimo kilekile, ukiingize kwa vidole kwanza mpaka usikie kimefuata njia ya uzi wa zamani, na hapo ndipo uweke mkono wake. Usipokuwa nacho, chukua bolti ngumu yenye uzi sahihi, uichanje mifereji miwili au mitatu kwa urefu kwa msumeno wa chuma au diski nyembamba ya grainda, uinoe ncha yake kwa tupa iwe nyembamba kidogo, uisugue mikwaruzo, kisha uipake grisi. Bolti hiyo haitakata uzi mpya, bali itauinua uliolala, nayo mifereji itabeba uchafu. Mimi huipenda kuliko kikata uzi halisi kwa kazi hii, kwa kuwa haina makali ya kukata alumini nzima.

Ikiwa tundu ni refu kuliko bolti iliyokuwa ikitumika, kuna uwezekano mkubwa kwamba chini kabisa kuna nyuzi ambazo hazijawahi kuguswa. Bolti ndefu zaidi kwa milimita 8 au 10 inaweza kumaliza tatizo bila kutoboa chochote. Sharti lake ni kwamba bolti isigonge mwisho wa tundu: bakisha angalau milimita 2 au 3. Pia hakikisha hakuna mafuta yaliyotuama humo ndani. Mafuta hayabonyezeki, na bolti inayoshuka juu yake hufanya kazi kama pistoni, kiasi cha kuweza kupasua alumini iliyolizunguka tundu. Ufa wa namna hiyo hautengenezwi kwa uzi tena.

Tundu likiwa limepenya hadi upande wa pili na spana inafika huko nyuma, usijisumbue na uzi hata kidogo. Litoboe linyooke, pitisha bolti yenye daraja la 8.8 (alama ya uimara inayopigwa kichwani mwa bolti) na uikaze kwa nati upande wa pili, na washa nene kila upande. Hakuna tengenezo lililo imara kuliko hilo, na wengi huliacha kwa kuona kwamba ni rahisi mno.

Tundu langu halikupenya, na nyuzi zake zilikuwa zimekwisha zote. Katika hali hiyo njia ninayoipendekeza ni koili ya waya, ambayo Heli-Coil ndilo jina lake maarufu zaidi la kibiashara. Ni waya wa chuma kisichoshika kutu uliosokotwa kama springi, upande wa nje ukishika uzi mpya uliokatwa kwenye alumini na upande wa ndani ukiwa ni uzi wa kipimo kilekile cha asili. Uzuri wake ni kwamba unarudi kutumia bolti ileile, na uzi wa alumini unaoibeba koili ni mpana kuliko ule uliokufa, kwa hiyo tundu lililotengenezwa vizuri haliwi dhaifu kuliko lilivyotoka kiwandani. Huuzwa kwa seti: biti ya drili, kikata uzi maalumu, chombo cha kuingizia, na koili zenyewe. Nunua seti ya kipimo chako kamili. Kikata uzi cha kawaida cha milimita 12 hakiwezi kuchukua nafasi ya kile cha seti, kwa maana cha seti kina nafasi ileile ya uzi wa bolti yako ila kipenyo kimeongezwa kutosha unene wa waya tu.

Ukubwa wa biti umeandikwa kwenye seti, na huo ndio wa kufuata. Kwa kujua tu, bolti ya milimita 6 yenye nafasi ya 1 huhitaji tundu la takriban milimita 6.3, ya milimita 8 yenye nafasi ya 1.25 takriban 8.3, na ya milimita 10 yenye nafasi ya 1.25 takriban 10.3. Utaona kwamba kinachoondolewa ni kidogo sana, na katika tundu lililoliwa kabisa biti karibu haikati kitu. Ndiyo sababu kupinda ni rahisi: biti hufuata upande ulio laini. Mimi nilitengeneza kiongozi kwa kutoboa kipande cha chuma chenye unene wa milimita 20 kwa mashine ya kutobolea ya mezani, nikakibana juu ya uso wa injini kwa bolti za matundu ya jirani, kisha nikapitisha drili humo. Kama huna kiongozi, weka guniya ndogo (kifaa cha kupimia pembe mraba) kando ya biti, itazame kutoka pande mbili, na uendeshe drili polepole. Funga utepe kwenye biti kuonyesha kina, kwa sababu nyuma ya tundu lisilopenya huenda kuna njia ya maji au ya mafuta, na ukuta unaozitenganisha waweza kuwa mwembamba kuliko unavyodhani.

Kabla ya kukata uzi, paka grisi kwenye mifereji ya kikata uzi ili ishike vipande vya alumini visidondoke ndani, na udondoshee mafuta ya taa, ambayo kwa alumini yanafaa kuliko oili nzito. Zungusha nusu mzunguko mbele, rudi robo nyuma ili kukata kipande, kisha endelea. Ukisikia mkono umekuwa mzito ghafla, usilazimishe. Kitoe, kisafishe, anza tena. Kikata uzi ni chuma kigumu kinachovunjika kama kioo, na kikivunjikia ndani hakitobolewi kwa biti ya kawaida. Baada ya hapo safisha tundu mpaka kitambaa cheupe ukikiingiza kitoke cheupe.

Koili huingizwa kavu, bila mafuta. Ivalishe kwenye chombo chake, ulimi wake mdogo wa chini ukiwa umenaswa kwenye mkato wa ncha, kisha izungushe kwa wepesi bila kuikandamiza, maana ukiikandamiza inaruka uzi na kujipanga vibaya. Ishushe mpaka uzi wake wa juu uwe chini ya uso wa alumini kwa robo hadi nusu ya nafasi ya uzi. Ikibaki juu, breketi itaikalia na kuivuta. Kisha vunja ulimi kwa panchi yenye ncha bapa, kwa pigo moja fupi, na uutoe kwa ncha ya njiti iliyopakwa grisi. Usiuache humo kwa kudhani hautadhuru: katika tundu lisilopenya utaizuia bolti kufika, na katika tundu linalofungukia ndani ya injini au giaboksi utakwenda kusagwa na meno ya gia. Kwa tundu la aina hiyo ya pili, afadhali uachane na koili na kutumia bushi.

Bushi ni bomba fupi la chuma lenye uzi nje na ndani, na kwa bolti ya milimita 10 huwa na uzi wa nje wa milimita 14 hivi. Fundi yeyote mzuri wa lethi, kama wale wa Gerezani jijini Dar es Salaam, atakuchongea ukimpelekea bolti yako na kumweleza unataka urefu gani. Mwambie aiache na ukingo mdogo juu, usiozidi milimita moja, utakaokaa katika kishimo kilichochimbwa mdomoni mwa tundu, ili bolti inapovuta bushi isizame. Inakazwa kwa gundi nyekundu ya kushikia uzi baada ya kusafisha mafuta yote kwa petroli au thina. Kikwazo chake ni nafasi: bushi inakula alumini nyingi, na tundu lililo karibu na ukingo huenda libaki na ukuta usiofika hata milimita 3.

Mafundi wengi watakushauri upanue tundu na kuweka bolti kubwa zaidi, kutoka milimita 10 hadi 12. Inafanya kazi, na mahali ambapo koili hazipatikani sina ubishi nayo. Kanuni ya biti ni kutoa nafasi ya uzi kwenye kipenyo: kwa uzi wa 12 kwa 1.25 toboa milimita 10.8, kwa 12 kwa 1.5 toboa 10.5. Kumbuka tu kwamba tundu la breketi nalo litapanuliwa, na kwamba siku hilo nalo likiliwa huenda pasibaki nyama ya kutengeneza.

Kuna tiba za haraka ambazo sizikubali kwa chochote kinachovutwa na mkanda au kubeba uzito. Kuzungushia bolti waya wa shaba, kipande cha kopo la soda au utepe mweupe wa mabomba huifanya ibane kwa mkono, lakini hakuna uzi unaoshika uzi. Gundi ya chuma ya kuchanganya inaweza kushikilia kifuniko cha plastiki, si kompresa yenye uzito wa kilo kadhaa inayotikiswa na injini. Kuchomelea bolti kwenye mwili wa alumini kwa mashine ya kawaida ya chuma hakuwezekani kabisa.

Kwenye chesisi mambo ni tofauti kidogo. Unapofunga kinga ya chuma chini ya injini, kwa mfano, nati huwa zimechomelewa ndani ya boriti ambamo mkono haufiki, na zikiliwa au kung'oka zinazunguka pamoja na bolti. Ikiwa boriti ina mlango karibu, chomelea nati mpya juu ya ukanda wa bati nene, uuingize kupitia mlango huo kama ulimi, na uishike kwa bolti. Ikiwa haina, tumia nati ya kubana, inayovutwa na chombo chake mpaka ijikunje nyuma ya bati kama ripiti. Ukilazimika kuchomelea chochote garini, toa kwanza waya wa hasi wa betri, na usiwashe mashine karibu na tangi au bomba la mafuta.

Sehemu ambazo sitengenezi uzi wake nyumbani ni za breki, usukani, mikanda ya usalama na magurudumu. Stadi ya gurudumu, yaani bolti isiyo na kichwa cha spana inayoshika gurudumu kwa nati, ikiliwa hugongwa ikatoka na kuwekwa mpya, nayo ni rahisi kuipata; angalia tu kwamba Toyota hutumia sana 12 kwa 1.5 wakati Nissan, Suzuki na Subaru hutumia sana 12 kwa 1.25, kwa hiyo nati za kuazima kwa jirani ndizo zinazoua stadi nyingi.

Wakati wa kufunga tena, bolti iingie katika alumini kwa urefu wa mara moja na nusu hadi mara mbili ya kipenyo chake, yaani milimita 15 hadi 20 kwa bolti ya 10; kwenye chuma, mara moja inatosha. Ianzishe kwa vidole. Mimi huizungusha kwanza kinyume mpaka nisikie inadondoka kidogo katika mwanzo wa uzi, ndipo ninaigeuza mbele, na isipokwenda mizunguko minne au mitano bila spana naitoa. Kwa kukaza fuata kitabu cha gari. Bolti kavu ya daraja la 8.8 kwenye chuma huvumilia takriban Nm 25 (nyutonimita, kipimo cha torki, yaani nguvu ya kukazia) ikiwa ya milimita 8 na takriban Nm 50 ikiwa ya 10, na ukiipaka grisi punguza, kwa maana uzi uliolainishwa hukaza zaidi kwa nguvu ileile. Usipokuwa na spana ya torki, shika spana yenye urefu wa milimita 200 na uivute mwishoni kwa nguvu ya kilo 10: hiyo ni karibu Nm 20.

Chora mstari mwembamba wa rangi kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye breketi. Endesha gari kilomita 50 hivi, iache injini ipoe kabisa, kisha utazame mistari ile. Yangu mitatu ilikuwa imenyooka. Uliokatika ulikuwa wa mojawapo ya zile bolti tatu za asili ambazo sikuwa na wasiwasi nazo, si ule wa tundu lenye koili.